Daftari la tafakari ya kila siku: kabla hujanunua, tazama tarehe

Madaftari ya tafakari ya kila siku yapo ya kila namna: ya jalada la ngozi, yenye aya ya Maandiko juu ya kila ukurasa, yenye maswali, yenye vibandiko na rangi. Mengi yanapendeza machoni. Lakini kazi ya daftari hili ni moja, nayo ni nzito: kumsaidia mwenye imani aipitie siku yake mbele za Mungu, aione ilivyokuwa kweli, ashukuru, atubu, na kesho aamke na nia iliyo wazi. Kwa kipimo hicho, daftari lililochapwa tarehe kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31, ambalo ndilo watu wengi hulikimbilia mwaka unapoanza, linawafaa wachache kuliko linavyodhaniwa.

Tuanze na hilo, kwa sababu ndilo kosa la ununuzi linalowagharimu wengi.

Daftari lenye tarehe lina kurasa 365. Mtu ameanza vizuri, kisha akaugua siku nne, akasafiri siku sita. Anaporudi anakuta kurasa kumi nyeupe zinamkodolea macho. Hapo hutokea moja kati ya mawili. Wapo wanaolifunga daftari na kusema wataanza upya mwakani. Wapo pia wanaoketi jioni moja na kujaza siku zote kumi kwa mpigo, na hili ni baya zaidi. Jumanne ya wiki iliyopita haikumbukwi tena ila kwa tukio lake kubwa. Yale madogo, ambayo ndiyo hasa mali ya tafakari, yamekwisha futika: neno lililotoka kwa pupa, salamu iliyokwepwa, msaada uliopokewa bila asante. Kinachoandikwa basi ni cha kubuni, na mtu amekiandika akijua anasema na Mungu. Ukurasa mtupu una heri kuliko huo.

Daftari lisilo na tarehe huwa na kistari tu juu ya ukurasa, mwandishi ajaze mwenyewe. Anayerudi baada ya siku kumi anaandika tarehe ya leo kwenye ukurasa unaofuata na kuendelea. Hakuna deni. Tafakari ya usiku si sala ya faradhi ambayo ikipita hulipwa. Siku isiyoandikwa imepita, na mlango wa toba uko wazi leo. Sura ya 3 ya Maombolezo inasema rehema za Mungu ni mpya kila asubuhi, na daftari lisilo na tarehe limeumbwa kwa mfano huo.

Daftari lenye tarehe lina watu wake. Linafaa kundi linalosoma pamoja aya moja kila siku, au anayefuata mpango wa kusoma Maandiko kwa mwaka mzima. Ila hata hao wakague kalenda. Mwaka wa liturujia katika makanisa mengi ya Magharibi huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, si Januari. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na daftari la Januari hadi Desemba halitakuwa na ukurasa wake maalumu isipokuwa mchapaji ameufikiria mwaka huo. Fungua, tafuta, hakikisha.

Kipimo kilichokuwapo kabla ya madaftari

Kujihesabu hakukuanza na wauza karatasi. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Asubuhi unawekeana naye masharti: hii ndiyo musharata. Mchana kutwa unamchunga, hiyo ni muraqaba. Jioni unakaa naye kitako na kupiga hesabu, faida ngapi, hasara ngapi: muhasaba. Mfanyabiashara asiyempa mshirika wake masharti asubuhi hana la kumuuliza jioni.

Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, ambaye kitabu chake Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anaweka nyakati tatu vilevile kwa mtu anayepambana na kosa moja mahususi. Anapoamka, anaazimia kujilinda na kosa hilo. Baada ya mlo wa mchana anajihesabu mara ya kwanza, saa kwa saa tangu alipoamka. Baada ya mlo wa jioni anajihesabu mara ya pili. Na kila anapoanguka katikati ya siku anaweka mkono kifuani, jambo awezalo kulifanya hata mbele za watu bila mtu kujua.

Watu wawili wa dini mbili, na hesabu yao inakutana: kazi ya usiku huanza asubuhi. Basi hilo ndilo swali la kwanza la kuliuliza daftari. Je, lina mahali pa asubuhi? Mengi hayana. Yana ukurasa wa usiku tu, wenye maswali juu ya siku ambayo hakuna aliyeiwekea nia. Mengine ni ya asubuhi tu, aya na maombi, halafu jioni hakuna anayerudi kuuliza yaliishia wapi. Yote mawili ni nusu ya chombo.

Nafasi: hesabu mistari, usihesabu kurasa

Ukurasa wa A5 ni milimita 148 kwa 210. Ukitoa pambizo la juu na la chini, hubaki takriban milimita 175 za kuandikia, na mistari ikiachana kwa milimita 7 unapata mistari 25. Sasa tazama daftari lililochapwa aya, maelezo ya aya, na nukuu ya kutia moyo. Vitu hivyo hula nusu ya ukurasa kwa urahisi. Inabaki mistari 12. Weka maswali matatu, kila moja limepata mistari minne au chini ya hapo. Mistari minne haitoshi kusema jambo lililotokea, nani alikuwapo, na moyo ulielekea wapi. Matokeo yake ni majibu ya neno moja moja: "Familia. Uzima. Kazi." Mtu anaandika hivyo wiki tatu, kisha anajiona mnafiki, na kosa si lake, ni la ukurasa.

Daftari lenye aya zilizochapwa lina faida kwa anayeanza, kwa kuwa linamwondolea kazi ya kutafuta pa kusoma. Baada ya miezi miwili au mitatu faida hiyo hupungua. Aya iliyochaguliwa na mhariri haijui kwamba leo ulifiwa.

Maswali ndiyo roho ya daftari

Hapa usiwe na haraka. Soma maswali yote kabla ya kununua, na ujaribu kuyajibu kichwani kwa siku ya jana.

Swali baya la kwanza ni "Leo umejisikiaje?" Linajibiwa "vizuri" au "nimechoka", na tafakari imekwisha. La pili ni "Umejifunza nini leo?" Siku nyingi hazina somo, zina matukio, swali hili linamlazimisha mtu atunge somo. La tatu ni "Jipe alama kati ya 1 hadi 10." Imani haihesabu hivyo, na alama hugeuka kuwa majivuno Jumatatu na kukata tamaa Alhamisi.

Swali zuri linadai saa, mahali na mtu. "Ni saa ngapi leo ulipokea kitu ambacho hukukitafuta?" "Ulikuwa unafanya nini moyo wako ulipomsahau Mungu kabisa?" "Kesho unadaiwa na nani neno: msamaha, asante, au ukweli?" Ona tofauti. Aliyeulizwa kama alikuwa mvumilivu ataandika: "Leo sikuwa na uvumilivu." Aliyeulizwa saa na mtu ataandika: "Saa nne asubuhi, dada aliponiuliza mara ya pili, nilimjibu kabla hajamaliza, nikiwa natazama simu. Alinyamaza, akaondoka. Kesho nimtafute kabla ya saa nne." Sentensi ya kwanza haina mlango wa kutokea. Ya pili ina dhambi, ina mtu aliyeumizwa, ina saa ya kurekebisha.

Mpangilio nao una uzito wake. Katika uchunguzi wa dhamiri wa Ignatius hatua ni tano: kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea, kuomba neema ya kuzijua dhambi zako, kuipitia siku tangu kuamka, mawazo, maneno, kisha matendo, kuomba msamaha, kuazimia kujirekebisha kwa neema yake. Shukrani iko mwanzoni kabisa, kabla ya kosa lolote kuguswa. Daftari linaloanza na "Leo ulikosea wapi?" limepindua utaratibu, na kwa mwenye dhamiri ya wasiwasi ni hatari kweli. Mtu wa namna hiyo huandika kosa lilelile kila usiku, alishaliungama au kulitubia, bado analiandika. Dalili ni hizi: muda wa kuandika unarefuka, usingizi unapungua, na hofu inabaki palepale hata baada ya kuomba msamaha. Akiona hivyo aweke kalamu chini, kwa majuma kadhaa aandike shukrani peke yake, na azungumze na padri, mchungaji au shehe wake. Hali ikizidi, amwone na daktari. Daftari zuri lingesema hivyo kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Nukta badala ya maneno

Kitu kimoja madaftari ya kisasa yamekiacha, na ni hasara kubwa: jedwali la nukta. Ignatius anachora mistari miwili kwa kila siku ya juma, kila jozi imetanguliwa na herufi G. G ya kwanza ni kubwa, ni ya Jumapili, ya pili ni ndogo kuliko hiyo, ya Jumatatu, na kuendelea. Mstari wa juu ni wa tangu kuamka hadi mchana, wa chini ni wa mchana hadi jioni. Kila anguko ni nukta moja. Jioni unalinganisha mstari wa chini na wa juu, kesho unalinganisha siku na siku, mwisho wa juma unalinganisha juma na juma.

Uzuri wake ni wa vitendo. Kuweka nukta hakuzidi sekunde mbili, kwa hiyo hata aliyechoka sana hana sababu ya kuacha. Pia ni siri: atakayelifungua daftari ataona vinukta, hataona dhambi ya mtu. Na nukta husema jambo ambalo maneno hulificha. Zikikusanyika upande wa jioni siku zote, tatizo huenda ni uchovu zaidi ya ukaidi, na dawa yake ni kupumzika na kupanga siku upya pamoja na sala. Zikikusanyika siku moja ya juma, tafuta ni nani unayekutana naye siku hiyo.

Kosa linalowekewa nukta liwe moja tu. Anayehesabu matano kwa pamoja huacha yote kabla juma halijaisha.

Karatasi, mshono, uzito

Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba inatosha kwa kalamu ya biki na penseli. Kwa kalamu ya jeli au ya wino wa kujaza, tafuta gramu 100, vinginevyo wino utaonekana upande wa pili na ukurasa wa kesho utakuwa umechafuka leo. Jaribu kwenye ukurasa wa mwisho: andika mstari mmoja, ngoja nusu dakika, geuza.

Mshono wa uzi ni bora kuliko gundi peke yake. Daftari la gundi halilali wazi. Linataka mkono mmoja uligandamize, na mgongo hupasuka katikati baada ya miezi kadhaa, kurasa zikaanza kutoka moja moja. La waya wa mviringo hulala vizuri, lakini waya hukera mkono, wa kulia au wa kushoto, unapofika pembeni mwa ukurasa.

Uzito uhesabu mwenyewe. Jani la A5 la gramu 80 lina uzito wa gramu 2.5. Kurasa 365 ni majani 183, yaani gramu 457.5 bila jalada. La gramu 100 ni gramu 572. Hilo ni daftari la mezani, halitakufuata mchana, na ile hesabu ya mchana itakufa. Anayetaka kutembea nalo achukue A6, ambalo jani lake ni nusu ya uzito huo, au achukue A5 la nusu mwaka.

Jalada ni suala la ladha.

Programu za simu

Zina mazuri yake. Asiyeweza kuandika kwa mkono anaweza kurekodi sauti. Asiyeona vizuri anakuza herufi. Na kutafuta neno katika maandishi ya mwaka mzima ni kazi ya sekunde. Arifa ya mchana nayo inasaidia kuliko chochote kilichochapwa, maana daftari haliwezi kukuita.

Lakini simu ni nyumba yenye milango mingi. Unaifungua kwa ajili ya tafakari, unakuta ujumbe, unatokea mlango mwingine. Kasoro kubwa zaidi ni hesabu ya mfululizo, ile namba inayosema umefika siku 41 bila kukosa. Siku ya 42 ukikosa, namba inarudi sifuri, na mtu anahisi amerudi sifuri mbele za Mungu. Hakuna mafundisho ya toba yanayosema hivyo. Kama programu inaruhusu kuizima hesabu hiyo, izime siku ya kwanza. Kabla ya kuandika lolote la siri angalia mambo matatu: kama maandishi yanakaa kwenye simu au yanapelekwa kwenye seva, yaani kompyuta za wenye programu, kama kuna nenosiri la programu yenyewe mbali na la simu, na kama unaweza kuyatoa yote katika faili la kawaida. Programu isiyokuruhusu kutoa maandishi yako usiipe mwaka wa maisha yako.

Lililo bora ni la kupigia mistari mwenyewe

Kwa watu wengi daftari linalofanya kazi vizuri kuliko yote ni la kawaida, A5, kurasa 192, lenye mistari, lililoshonwa. Juma moja lichukue kurasa nane: saba za siku, moja ya juma. Kwa 192 unapata majuma 24, karibu nusu mwaka.

Ukurasa wa siku wenye mistari 25 ugawe hivi kwa rula na penseli. Mistari mitatu ya juu ni ya asubuhi: tarehe, kisha nia moja iliyoandikwa kwa kitendo kinachoonekana. "Nitakuwa mpole" haihesabiki jioni. "Nitamsikiliza kila mtu hadi amalize" inahesabika. Mistari miwili inayofuata ni ya nukta, asubuhi na jioni. Mistari 15 ni ya usiku: minne ya shukrani, minane ya kuipitia siku kwa saa zake, mitatu ya toba na ya kesho. Mitano ya chini iache wazi kabisa. Hiyo ni ya kurudia baada ya siku 30, kuandika yaliishaje: aliyekosewa alisamehe? Ombi lilijibiwa, na kwa namna gani? Ni hapo mtu huona mkono wa Mungu ambao usiku ule hakuuona, kwa sababu baraka nyingi hutambulika zikishageuza kona.

Ukurasa wa nane hesabu nukta za juma, andika jumla, na jibu swali moja tu: je, juma lijalo kosa ni lilelile au libadilishwe? Usibadilishe kabla ya majuma matatu.

Muda wa usiku ni dakika 10 hadi 12. Yanayoharibu ni machache na yanajirudia. Kuandikia kitandani: usingizi huchukua hatua ya kuipitia siku na ya kuomba msamaha, zikabaki shukrani za haraka. Keti, na uunganishe zoezi na sala ya jioni iliyo tayari katika maisha yako, maana tabia mpya hushika ikiegemea ya zamani. Kuandika kwanza na kusali baadaye: kurasa zinakuwa shajara ya malalamiko, kwa hiyo anza kwa kimya cha pumzi chache na ombi la mwanga. Kuandika makosa ya wengine: ukiona jina la mtu mwingine limetokea mara tatu katika mistari ile minane, rudi uulize wewe ulisema nini. Na kuandika kana kwamba kuna atakayesoma. Sentensi zikianza kupendeza, simama.

Majina ya watu yaandike kwa herufi ya kwanza tu. Daftari likijaa, hamishia kwenye jipya mambo mawili: kosa lililobaki, na maombi ambayo ile mistari mitano chini yake bado ni mitupu. La zamani lifungie mahali penye kufuli, au chana kurasa za toba na kuzichoma, za shukrani uzibakize.